Gari Lililonukia Udi

Nikisikia harufu ya kamba wakavu sokoni, namkumbuka baba, mwalimu, akilizunguka gari kubwa lililotumika lililokuwa likiuzwa pale Kibiti, mikono nyuma kama anasimamia mtihani. Muuzaji, mchuuzi wa kamba kutoka delta, kule mto unakoingia baharini, alikuwa amelifukiza udi mpaka tukakohoa.

"Mwalimu, hili limebeba familia yangu tu," akasema.

Mama akaingia, akavuta pumzi, akatoka. "Familia yako ni kamba?"

Baba alimtazama mama kwa macho ya kuomba, kisha akalinunua.

Tulipofika nyumbani na kufungua milango, paka wa mtaa mzima wakaingia. Baba akanyoosha kola yake.

"Majirani wamekuja kutupongeza," akasema.

Mama, aliyekuwa amenuna njia nzima, akacheka hadi akakaa chini.