Biskuti Isiyoumwa

Kilichoninyima usingizi nilipoanza kazi ni hofu mbili: kumzuia asiyeumwa, na kumwachia anayeumwa. Nilikuwa tabibu mpya, moja kwa moja kutoka chuoni, katika kituo cha kupokea wakimbizi ufukweni Kigoma. Boti zilileta watu kutoka Burundi, malori yakawapeleka kambini. Mgonjwa alibaki kituoni, ndugu zake wakatangulia. Kwa hiyo mbele yangu kila mtu alijifanya mzima.

Tangu nistaafu, vijana wanaonitembelea hapa mtaani Gungu hudhani malaria huanza na degedege. La, huanza kimyakimya: kichwa kinauma, viungo vinalegea, baridi ya ghafla, chakula hakipiti. Lakini waliokimbia kwa miguu wote wamechoka. Utawatofautishaje?

Siku moja Mganga Mfawidhi, mkuu wa kituo, alinikuta nikimwekea mtoto yuleyule kipimajoto mara ya tatu.

“Wewe, unangoja aive?” akaniuliza. “Homa hii huja na kuondoka. Uliza jana alikuwaje.”

Mtoto huyo alikuwa msichana mdogo. Mwili haukuwa na joto, ila biskuti aliyopewa gatini alikuwa bado ameishika, haijaumwa hata pembe.

“Ararushe tu, muganga,” mama yake alisema kwa Kirundi. Amechoka tu.

“Na jana?”

Alimtazama mumewe, aliyekwisha kupanda lori na mtoto wao mkubwa. “Jana jioni alitetemeka. Akatoka jasho, akapoa.”

Dereva akapiga honi. “Daktari, ukishusha kila anayepiga miayo tutaondoka Krismasi!”

Watu wakacheka. Lakini safari ilikuwa ndefu, na njiani mtoto angeweza kuzidiwa.

“Tutapotezana,” mama akanong’ona. “Mdogo wangu alipotea hivihivi.”

Nilikuwa nimewaza sana nani abaki, nani aende. Sikuwahi kuwaza kwamba wangeweza kubaki wote.

“Baba mtoto, shuka na mwanao,” nikasema. “Mtapanda pamoja lori lijalo.”

“Hata wazima?” dereva akauliza.

“Hata wazima.”

Nikamgeukia Mfawidhi. Akamwashiria dereva angoje. Nikakanyaga gurudumu, nikapokea ndoo na mkeka wao, nikavishusha mwenyewe.

Hadubini ilituonyesha vijidudu kwenye tone la damu ya msichana. Malaria, imekamatwa mapema, akaanza dawa palepale. Siku chache baadaye familia ilipopanda lori, wote wanne, yule msichana alininyooshea mkono kutoka juu: alitaka biskuti nyingine. Nikampa mbili.