Mlio Uliopanda na Injini

Mwanangu, ipo siku moja ya ujana wangu ambayo bado sijaizoea, ingawa miaka mingi imepita. Nilikuwa na umri wa miaka ishirini na miwili. Nilikuwa nimevuka ziwa kutoka upande wa Kongo, na hapa Nchelenge nikapata kazi ya kufunga redio za magari kwa Papa Ilunga, fundi mzee aliyekuwa na karakana karibu na pale mitumbwi inaposhushia samaki. Ninyi leo mnafunga redio zinazoongea na simu. Sisi tulifunga za kaseti. Lakini waya ni waya, na haraka ya kijana haijabadilika.

Mama Odile, mwuza samaki wakavu, alileta pikapu yake nimfungie redio. Mkobani alikuwa na kaseti moja tu, ameizungushia kitambaa safi. Mumewe alikuwa amefariki mwaka uliotangulia. Zamani, alipokuwa akifanya kazi Lubumbashi, alimtumia mkewe kaseti hiyo, kwa kuwa mama hakujua kusoma. Ilikuwa barua ya sauti. Redio ya nyumbani ilikuwa imeharibika, basi ya gari ndiyo ingemsomea.

Papa Ilunga alikuwa amekwenda msibani, nami nikafanya kazi peke yangu, mbio mbio. Nilikaza redio kwa karatasi ngumu iliyokunjwa. Waya wa umeme niliutoa moja kwa moja kwenye betri bila fyuzi. Ule wa masi, unaorudisha umeme kwenye bodi ya gari, niliufunga juu ya skrubu iliyopakwa rangi. Redio ikawaka, ikaimba, nikajiona fundi.

Baada ya wiki mama akarudi. Gari likitembea, alisema, spika zinalia kama mbu, na dereva wake akikanyaga mafuta mlio unapanda. Mumewe alimaliza barua kwa sauti ya chini, na maneno yale ya mwisho hayasikiki tena.

Sikujua sababu. Mwanangu, ningesema hivyo tu, sijui, yangeisha. Badala yake niliitoa kaseti, nikaigeuza kwenye mwanga kama daktari, nikamwambia, "Mama, kaseti imezeeka. Haina dawa."

Aliitazama kitambo. Akaifunga tena kwenye kitambaa chake.

"Basi amekwenda kweli," alisema, akapanda gari.

Siku kadhaa zikapita. Papa Ilunga akakutana naye sokoni, akamwuliza habari za redio, naye akamweleza. Mzee akamwomba alete gari. Lilipofika, mama alituachia kaseti akaenda kwenye mitumbwi, na mzee hakunikaripia. Aliingia kiti cha mbele, akatia kaseti, akamwambia dereva akanyage mafuta, aachie, akanyage tena. Mlio ukapanda na kushuka pamoja na injini.

"Sasa zima moteri," alisema. "Redio uiache."

Dereva alisita. Hakuzoea kuacha redio iimbe gari limezimwa, kwa kuogopa kumaliza betri. Akazima. Mlio ukakatika papo hapo, na ndani ya ule utulivu ikatoka sauti ya mwanamume, safi, karibu, kana kwamba amekaa nasi. Sauti ile ilikuwapo siku zote.

Papa Ilunga akaizima kabla barua haijaisha. "Mutoto," aliniambia polepole, "kaseti iko muzuri. Kazi yako njo inalia." Yaani kazi yangu ndiyo iliyokuwa ikilia.

Kisha akaishika redio kwa vidole viwili, ikatoka yote mkononi mwake bila bisibisi. Nyuma yake ule waya wa betri ulikuwa umesuguana na bati mpaka ngozi yake ikachubuka. Shaba ilikuwa nje, imebakisha unene wa ukucha kugusa bati. Mzee alininyooshea nione. "Hapa moto ungewaka, na mama ndani."

Tulifanya kazi ile upya, yeye akielekeza, mimi nikitenda. Nilitia fyuzi karibu na betri. Nilikwangua rangi ya bodi, iliyokuwa ikizuia umeme, kwa msasa hadi chuma kikang'aa, nikaukaza waya wa masi hapo kwa bolti. Waya wa umeme nikautenga mbali na zile za spika. Redio nikaishikiza kwa fremu yake, na nyuma nikaifunga kwa ukanda wa chuma ili barabara mbovu ya Mununga isiitikise. Dereva akawasha injini, akakanyaga mafuta. Hakuna kilicholia. Nilisimama nimeduwaa, maana chuma kilichokwanguliwa upana wa kidole kilikuwa kimemrudisha mtu.

"Mama utamuambia wewe mwenyewe," Papa Ilunga alisema.

Nikamwendea kwenye mitumbwi. "Mama, kaseti haikuzeeka. Nilifunga vibaya, na nilikudanganya kwa kuwa nilikuwa sijui."

Mama Odile alirudi nami, akaingia garini, injini ikinguruma, akasikiliza barua hadi mwisho. Tulisikia hata pumzi za yule mtu kabla hajasema, kwa sauti ya chini, kwamba anakuja: "Odile, niko nakuya." Dereva alivua kofia. Mama akaweka kiganja juu ya spika ya mlango.

"Njo yeye," alisema hatimaye. "Asante, mwanangu."

Shukrani ile ilinielemea kuliko matusi.

Basi nisikilize. Mtu akikuletea lalamiko, anza na mkono wako mwenyewe kabla ya kulaumu kitu chake. Zima injini, usikilize. Kaza hata mahali ambapo mteja hatapaona, kwa maana huko ndiko anakoweka uhai wake bila kujua. Na usilolijua, sema hulijui, hata kama uso utawaka kwa haya. Hujui watu wanabeba nini katika vitu vidogo wanavyokukabidhi.

Mungu akupe masikio yenye subira na mikono isiyodanganya. Kila gari litokalo kwako lifike nyumbani salama, na jina lako litajwe kwa wema hata pale usipokuwapo.