Sista Povu, Aliyekana Muujiza Wake

Alizaliwa siku ya Jumapili, kitinda mimba wa watoto saba wa mshona viatu na mkewe. Jina lake la utawa lilikuwa refu, lakini katika nyumba ya masista hakuna aliyelitumia. Walimwita Sista Povu, maana alijiunga akiwa na miaka kumi na tisa, akapewa chumba cha kufulia, akakaa humo miaka ishirini na sita akifua vitambaa vya altare. Doa alilichukia kupita kiasi. Wenzake walitania kwamba akikutana na shetani mwenye kanzu chafu, ataanza na kanzu.

Alipofikisha miaka arobaini na mitano alipapasa uvimbe shingoni, chini ya taya, usiouma. Daktari alikata kipande, akakipima, akamwambia bila kuzunguka: "Sista, ni saratani ya tezi, tena ya aina adimu. Ila tumeiwahi, haijatoka upande mmoja wa shingo. Nitakupa dripu nne za dawa, kisha siku kumi na tano za mionzi. Vyote viwili, siyo kimoja." Sista akauliza kama kesho ataruhusiwa kufua.

Dripu zilimtesa. Nywele zilibaki kwenye mto, kinywa kikajaa vidonda, hata maji yakamchoma. Lakini baada ya dripu ya nne uvimbe haukupapasika tena. Mama Mkuu, aliyempenda kama binti yake, alimpapasa mara tatu, akapiga magoti palepale, na kabla ya jioni parokia nzima ilijua kwamba Sista ameponywa kwa muujiza. Misa ya shukrani ikapangwa Jumatatu, siku ileile ya kuanza mionzi. "Kurudi hospitali sasa ni kumtukana Mungu, mwanangu," alisema Mama Mkuu. Naye Sista, mwenye nadhiri ya utii na aliyechoka kutapika, alinyamaza. Tusilifiche kosa hilo, maana mwenyewe hakulificha.

Siku hiyo kanisa lilifurika. Wakati wa ushuhuda alisimama mama mmoja mwenye kilemba, na Sista akamtambua mara moja: muuza mboga aliyekaa naye viti jirani katika chumba cha dripu, mgonjwa wa ugonjwa uleule. "Nilibakiza mionzi tu," alisema kwa furaha. "Niliposikia habari za dada yangu huyu, nami nimeiacha. Wanangu wanne nimeshawaambia mama yao amepona!"

Vigelegele vikapigwa. Hofu iliyomshika Sista Povu, hata saratani haikumpa. Kumbe kimya chake kilikuwa kinamuua mtu! Alitembea hadi mbele ya altare, akavua shela machoni pa waumini wote, kichwa kikabaki kipara kitupu. Hakuna aliyewahi kuona jambo kama hilo. Mtu alipiga ukelele.

"Muujiza wenu ni huu," alisema. "Ni dawa za hospitali, na sijamaliza. Nguo iliyolowekwa haijafuliwa, wapendwa; doa la kola hufikichwa palepale lilipo. Mama Mkuu, nisamehe. Mama Mboga, simama twende, gari la hospitali linaondoka saa nne."

Paroko alisahau sala iliyofuata. Wanawake wale wawili walitoka kwa mlango mkubwa wakiwa wameshikana mikono, na Mama Mkuu akawafuata mbio na shela, akilia.

Siku kumi na tano walipokezana chini ya mashine, ngozi za shingo zikaungua, koo zikakauka, wakavumilia. Sista alirudi kufua. Alifariki kwa ugonjwa wa moyo akiwa na miaka themanini na mmoja.

Wachunguzi wa kanisa walipokuja kuuliza miujiza yake ili atangazwe mtakatifu, Mama Mboga, sasa bibi wa wajukuu tisa, alijibu: "Miujiza siijui, baba. Alijiaibisha mbele za watu ili mimi nisife."

Basi tumwige. Na wewe unayeficha uvimbe leo chini ya nguo yako nzuri ya kanisani, simama uende.