Neno la Siri la Mzee Kasmiri

Bibiana, fundi simu wa Ifakara, alikuwa na mdomo. Watu waliuvumilia mdomo kwa ajili ya mikono, maana simu iliyotumbukia kwenye jaruba la mpunga na kulala humo kutwa nzima, yeye aliifungua, akaianika, akaitukana, nayo ikawaka.

Uanaharakati hakuutafuta. Shirika moja la wasaidizi wa kisheria lilileta semina mjini, ya kuwafundisha watetezi wa haki wa vijijini namna ya kulinda simu zao, na mtaalamu kutoka Dar es Salaam akaja na projekta iliyogoma kuwaka. Bibiana akaitwa. Alipomaliza kuitengeneza akasimama mlangoni asikilize kidogo. Kwa nusu saa mtaalamu aliongea Kiswahili ambacho kila neno la tatu lilikuwa Kiingereza, na wazee waliotoka Malinyi na Mlimba wakaitikia kwa vichwa, kila mmoja akiogopa kuwa wa kwanza kuuliza. Uvumilivu ukamwisha.

"Jamani," akasema, "simu ni choo. Kila mtu anacho, na kila choo kina komeo kwa ndani. Wewe unaingia hufungi, halafu unashangaa watu wamekuona?"

Ukumbi ukaangua kicheko. Mtaalamu mwenyewe akaandika maneno hayo kwenye daftari lake, na tangu siku hiyo mtetezi yeyote bondeni mwenye picha au majina ya kuficha alielekezwa kwa Bibiana.

Ndivyo alivyompata Mzee Kasmiri, mfugaji wa Kisukuma, msemaji wa wafugaji wenzake katika kijiji kimoja cha upande wa Idete ambacho sikitaji, maana bado napita huko. Mama yake Bibiana, Mpogoro wa Mahenge ambaye mpunga wake uliwahi kuliwa na ng'ombe usiku mmoja ukaisha, hakufurahi hata chembe.

"Yaani unawafundisha hao?"

"Nafundisha simu, mama. Ng'ombe sifundishi."

Mzee Kasmiri alikuwa na sifa mbili zilizomtesa mwalimu wake. Ya kwanza, hakujua kusema uongo, hata ule mdogo wa kumsifia mwenyeji ugali mbichi. Ya pili, herufi r haikuwahi kukanyaga ulimi wake.

"Mzee, hili linaitwa neno la siri."

"Neno la sili."

"Sili ni mtu amekataa chakula. Siri!"

"Ndiyo, mwalimu. Sili."

Siku tatu zilikwenda hivyo, Bibiana akisahihisha na mzee akikubali kwa adabu kosa ambalo hakulisikia. Mwishoni akamwambia achague sentensi ndefu anayoipenda moyoni, aiandike bila kuacha nafasi, na asimwambie mtu yeyote. Mzee akageukia ukutani, akaandika kwa kidole kimoja, akachukua muda wa kutosha kuchemsha maharage.

Na siri ilikuwepo. Ndani ya simu ile mlikuwa na video ya mgambo, wakiongozwa na mtendaji wa kijiji, wakiwaswaga ng'ombe wa Kasmiri na wenzake kutoka malisho halali ya kijiji, wakiwavusha jiwe la mpaka hadi ndani ya hifadhi, kisha wakitangaza kwamba wamewakamata humo. Ng'ombe walikuwa wameshikiliwa. Video ilipigwa na Evelina, mama anayepika chai ya ofisi ya kijiji, naye baada ya kumrushia mzee aliifuta kwake. Ubaya ni kwamba mwishoni sauti yake inasikika, tena wazi: "Mungu wangu, mtendaji huyu ana dhambi!"

Ijumaa mzee alikuwa ailete Ifakara itumwe kwa mwanasheria Morogoro, kwa kuwa kijijini mtandao ni wa kubahatisha. Jumatano mtendaji, aliyenusa habari za video, akaikamata simu, akasema ni kwa uchunguzi.

Mtendaji huyu, Sylvanus, aliwahi kuwa mwalimu wa Kiswahili, na ualimu haukumtoka. Aliposhindwa kuifungua simu akatuma pikipiki mjini imlete fundi bora kuliko wote. Hakujua kwamba anamwita aliyeifunga.

Bibiana aliingia ofisini. Mzee Kasmiri alikuwa amekaa kwenye benchi, kofia mapajani. Evelina alikuwa anamimina chai.

"Shikamoo mzee," Bibiana akasema, kama mtu amwonaye kwa mara ya kwanza.

"Malahaba, mwalimu wangu," mzee akajibu kwa furaha.

Mtendaji akainua nyusi. Bibiana akasema haraka kwamba huku kila fundi huitwa mwalimu.

"Fundi, ifungue."

"Hii haifunguki bila neno la siri, mheshimiwa. Nikilazimisha itajifuta." Hilo lilikuwa kweli nusu.

Mtendaji akamgeukia mzee. "Neno la siri ni lipi?"

Bibiana alimtazama mzee kwa macho ya kumwomba. Sema umesahau, baba. Neno moja tu, umesahau.

"Ng'ombe zetu zitaludi," akasema Mzee Kasmiri.

Evelina aliendelea kumimina, kikombe kikajaa, kisahani kikajaa, chai ikaanza kushuka mezani. Bibiana alitamani ardhi ipasuke immeze yeye na ofisi nzima.

"Ng'ombe ni kiumbe hai, mzee!" mtendaji akafoka, akiivuta simu. "Ni ng'ombe wetu watarudi. Ndiyo maana hamuelewani na watu." Akaandika kwa ufasaha. Simu ikakataa. Akaondoa alama ya ng'. Ikakataa. Akashusha hadhi, akaandika zetu zitarudi. Ikakataa. Akaanza kwa herufi kubwa, kisha akaweka nukta mwisho wa sentensi, kama inavyotakiwa. Simu ikamwambia asubiri sekunde thelathini.

"Nipe niandike mwenyewe," mzee akaomba.

"Usiguse! Unataka kufuta ushahidi." Akamsukumia Bibiana. "Andika wewe, nakuangalia kidole."

Hakukuwa na ujanja. Mtendaji alikuwa anampumulia shingoni. Bibiana akaandika herufi kwa herufi, kama alivyomsikia mzee, huku akimwomba Bikira Maria amlinde Evelina. Ngombezetuzitarudi. Simu ikakataa.

"Mzee, unanidanganya!"

"Mimi sidanganyi. Neno ndilo hilo."

Walijaribu mpaka simu ikadai kusubiriwa saa nzima. Mtendaji, kwa kuokoa heshima, akatamka kwamba simu ni mbovu. "Ipeleke kwako, ifute yote, umrudishie ikiwa tupu." Bibiana akaapa kwamba ataishughulikia.

Alasiri Mzee Kasmiri akafika kwa baiskeli kwenye kibanda cha Bibiana mjini, jasho likimtiririka. Bibiana akampokea kwa vigelegele.

"Mzee, leo umenikosha! Kumbe nawe uongo unaujua!"

Mzee hakucheka. "Ng'wanawane, mwanangu, nimekukosea nini hata unitukane?" Akaichukua simu, akaandika kwa kile kidole chake kimoja, polepole. Kila herufi ilionekana kidogo kwenye kioo kabla ya kugeuka kitone. Z, i, t, a. L.

Simu ikafunguka.

Bibiana akacheka mpaka akashika meza. Mtendaji alikuwa ameambiwa ukweli mtupu, mbele ya mashahidi, akausahihisha! Kisha kicheko kikakatika, maana alikumbuka nani aliandika mara ya mwisho. Yeye, aliyekaa na mzee siku tatu, naye alikuwa amesikia l akaandika r bila hata kujua. Pale ofisini hakuna aliyemwomba mzee ataje herufi zake. Aliona aibu, aibu ya kweli, ya kumfanya ashindwe kumtazama mtu aliyemzidi umri kiasi cha baba yake.

Akaikata sauti ya Evelina kwenye video, akaituma Morogoro. Baada ya dakika kadhaa mwanasheria akajibu kwamba imefika na kwamba Jumatatu anakwenda wilayani nayo.

Mzee Kasmiri alikuwa bado na wasiwasi. "Mwalimu, yule mtendaji neno langu la sili ameshalijua. Nilibadilishe?"

Bibiana, ambaye kwa mwanafunzi mwingine yeyote angejibu ndiyo kabla swali halijaisha, alitikisa kichwa.

"Usibadilishe, baba. Hata herufi moja."