Uso wa Rubani

Ukitaka kucheka, cheka sasa hivi umalize. Haya yalinikuta mimi mwenyewe, saa saba mchana, kwenye studio yangu ya picha Kariakoo, nje muuza mashuka anapiga kelele. Sikuwa nimelewa wala sikuwa na homa.

Wiki moja kabla, Bibi Somoe, mzee kutoka Lindi anayekaa mtaa wa pili, aliniletea picha ya marehemu kaka yake. Alikuwa rubani wa jeshi wakati wa vita ya Kagera, kijana wa miaka ishirini na nne, kazi yake kuruka juu ya Ziwa Victoria kulinda boti zetu. Ndege yake ilipopigwa angeweza kuruka na mwavuli. Lakini chini palikuwa na boti imejaa askari wenzake, akabaki ndani mpaka alipoivusha ndege mbali nao. Mwili haukupatikana. Kaburi hana, ana picha ile moja tu, nayo unyevu ulikuwa umekula uso wote, imebaki sare na kofia.

"Mjukuu wangu, nirudishie sura yake," aliniambia.

Ningesema siwezi, ningepungukiwa nini? Kazi za harusi zilikuwa zimenibana. Nikachukua kwenye kompyuta uso wa kijana mmoja aliyewahi kupiga picha za paspoti, nikaupachika chini ya kofia. Ukakaa vizuri mno. Bibi aliipokea, akaibusu, akalia. Nami nikamwambia "pole bibi" kama mtu mwema.

Sasa siku hiyo nimeinamia kompyuta, nikasikia, "Shikamoo." Sauti ya kijana. Nikajibu marahaba bila kuinua kichwa. Anataka picha ya paspoti. Nikamwelekeza akae kwenye stuli, nikaweka jicho kwenye kamera, nikapiga. Niamini, kwenye picha shati lilikuwepo, shingo ilikuwepo, masikio yalikuwepo, ila usoni pana doa kama karatasi iliyolowa. Nikapiga tena. Doa. Nikaanza kuifuta lenzi.

"Mzee," akasema taratibu, "dada yangu anamwombea nani?"

Nikainua kichwa. Hapakuwa na mtu. Stuli ilikuwa inachuruzika maji, na mvua ilikuwa haijanyesha mwezi mzima.

Kinachoniuma zaidi ni ile marahaba. Mtu aliyekufa vitani kabla sijazaliwa aliniamkia, nami nikapokea. Nani alistahili kumwamkia mwenzake?

Nilifunga studio nikaenda kwa Bibi Somoe, nikamweleza yote. Akawa anaipapasa ile fremu ya picha kwa vidole.

"Mimi nina mtoto wa jicho," akasema. "Hata ile siku sikuiona vizuri. Nilikuamini wewe uniangalizie."

Nilitamani anitukane. Badala yake akanishika mkono, akasogea karibu.

"Lakini wewe umemwona, mjukuu wangu. Niambie basi, alikuwaje?"

Uongo ulikuwa tayari mdomoni. Macho makubwa, tabasamu, angeridhika. Nikashindwa. Nikamwambia ukweli, kwamba kaka yake alikaa mbele yangu hatua mbili tu, na mimi nilikuwa natazama kamera.

Mpaka leo tukikutana ananiuliza kama nimekumbuka chochote. Naona haya kupita mtaa ule. Na wewe unayenisikiliza, mtu akikuamkia, inua kichwa kwanza umwangalie usoni, ndipo uitikie.