Kidari Kilichomtangulia Mwenyewe

Mdogo wangu anauza gemu. Kwa miaka kadhaa nilikuwa naona tabu kulisema jambo hilo mbele ya watu wa kanisani, maana swali la pili lilikuwa lile lile: anauza nini? Gemu, mama, hizi wanazocheza vijana kwenye televisheni huku wakipiga kelele kama nyumba inaungua. Duka lenyewe halina hata mlango wa wateja. Ni chumba kimoja Moshi mjini, juu ya duka la vifaa vya ujenzi, chenye kompyuta, rafu za diski na pedi za kuchezea, na mimi. Wateja wako Dar, Mwanza na Dodoma, wengi wao vijana wa huku kwetu, wananunua kwa simu. Nilipostaafu ualimu aliniomba nikae pale nipokee malalamiko. Anasema nina sauti ya kumfanya mtu aombe radhi kwa kosa ambalo hajatenda.

Desemba ikikaribia, maduka ya namna yake hutoa ofa: kofia, fulana, gemu ya pili kwa nusu bei. Yeye akaja na la kwake. Alikwenda soko la Kwa Sadala, njia ya Arusha, akakubaliana na mwenye bucha mmoja, na kesho yake asubuhi tangazo likatoka mtandaoni: kila atakayenunua gemu mwezi ule, bucha itampelekea baba yake kidari cha mbuzi, mpaka mlangoni, kwa bodaboda. "Cheza huko uliko, kidari kifike nyumbani." Nikamwambia amerukwa na akili. Akacheka, akasema nisubiri nione.

Asiyetoka huku mlimani Kilimanjaro ataona ni nyama tu, kama ungetoa paja au mbavu. Kila ukoo una mgawo wake wa mbuzi, ila kwetu Old Moshi kidari kilikuwa cha baba, wala hakikuwa na mjadala. Nazikumbuka Desemba za utotoni, kaka zangu wakubwa wakifika kutoka mikoani na mabegi yenye vumbi, migomba imepunguzwa majani makavu, ua umefagiliwa mpaka barabarani. Mbuzi akishachinjwa, mwana aliyemnunua alikikata kidari kwa mkono wake, akakilaza juu ya jani la mgomba, akakipeleka kwa baba kwa mikono miwili. Baba alikipokea kwa mikono miwili. Kisha alimnywesha mwanawe mbege, pombe yetu ya ndizi, kutoka kwenye kata yake mwenyewe, mbele ya wote, na kaka yangu yule mwenye ndevu na kazi ya ofisini alikunywa ameinamisha kichwa kama mtoto wa kipaimara.

Mwana ambaye hakuja, hakuna aliyemkatia kidari kwa niaba yake. Asiyekuwepo na lake halipo. Baba hakununa, ila jioni ile hakuwa na maneno mengi.

Mimi nilikuwa msichana, sikukabidhi kitu. Kazi yangu ilikuwa kupuliza moto mpaka machozi yanitoke. Hata hivyo, ningepewa kuchagua siku moja ya maisha yangu irudi, ningechagua mojawapo ya zile, na moshi wake na machozi yake. Mdogo wangu ndiye kitinda mimba. Baba alifariki yeye akiwa bado shuleni, kwa hiyo hajawahi kumkabidhi mtu yeyote kidari. Nadhani ofa ile ilitoka huko, ingawa ukimuuliza atakwambia ni biashara.

Biashara iliitika. Maoni yalimiminika chini ya tangazo hata nikashindwa kuyafuata. "Mmetisha kinoma!" "Hii ndiyo ofa, siyo kofia za jua." Mmoja wa Mwanza aliuliza: sisi wa ziwani baba anapelekewa nini, sato? Mwingine alitaka kujua nani anachinja, nikamjibu ni Mwislamu, kama bucha nyingi za huku, akashukuru. Msichana mmoja aliandika: "Na sisi mabinti tunaocheza gemu, tunaruhusiwa?" Mdogo wangu alianza kukuna kichwa akitafakari mila. Nikamnyang'anya simu, nikajibu: ndiyo, tena mnaruhusiwa sana.

Mwenye bucha ndiye aliyekuwa wa kwanza kulalamika. "Mwalimu, mbuzi ana kidari kimoja," aliniambia. "Nyinyi mnaviuza kama vinaota mtini." Lakini nyama nyingine zote alizimaliza, maana Desemba huku hakuna nyama inayolala.

Wiki moja kabla ya Krismasi bodaboda zikaanza kupanda na vifurushi, vina jina la mwana na namba ya simu ya duka. Nikakaa tayari kwa malalamiko: kidogo, kina mafuta, kimechelewa. Simu ya kwanza ilitoka kwa mzee mmoja wa juu ya Kwa Sadala.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Nyama imefika."

"Tunashukuru Mungu. Iko salama?"

"Iko salama. Sasa yeye ameshukia wapi? Hapa Bomang'ombe, au amepitiliza Arusha?"

Nikadhani hakunielewa, nikaanza kumweleza habari za ofa. Alinisikiliza kwa adabu, halafu akarudia: "Ndiyo, nimeelewa. Ila atafika saa ngapi? Nataka nimtume mtu akampokee mizigo."

Hapo ndipo nilipoelewa. Kwa mzee yule kidari hakitumwi. Tangu azaliwe hajaona kidari kikitembea bila mwenyewe. Kama kimefika, basi mwana yuko nyuma yake, amekitanguliza kama mtu anavyotanguliza begi zito, naye anamalizia soda stendi. Sisi tulidhani tumepeleka zawadi, kumbe tulipeleka habari kwamba mtoto anakuja.

Hakuwa peke yake. Siku ile na zilizofuata walipiga wengi, akina baba, wengine kwa ukali, wengine kwa aibu kidogo, na mama mmoja aliyetaka tu kujua kama atandike kitanda kimoja au viwili. Hakuna aliyelalamikia nyama. Mdogo wangu mwanzoni alicheka. Jioni ya pili hakucheka tena, alikaa kwenye kiti chake akizungusha pedi mkononi.

Nikaanza kuwapigia wateja mmoja mmoja kuwaambia nyumbani wanasubiriwa. Wengi walishtuka, wakapiga simu kwao, mambo yakaisha. Mwana wa yule mzee wa juu ya Kwa Sadala hakunijibu. Badala yake aliandika kwenye ukurasa wetu, hadharani: "Tangu lini duka la gemu likamuuliza mtu anaenda lini kwao? Nimenunua gemu ya mpira, sikununua mahubiri."

Watu wakacheka. Mwingine akaandika: "Hata mimi wamenipigia, yule mama ana sauti ya mkuu wa shule." Wa tatu akasema tumevuka mipaka, hanunui tena kwetu. Halafu mmoja, bila maelezo, akaandika: "Mimi nimeshakata tiketi." Chini yake wakajipanga wengine na tiketi zao, na ukurasa wa kuuzia gemu ukageuka kuwa stendi ya mabasi. Nilisoma nikilia peke yangu, na nilipoona mdogo wangu ananitazama nikasingizia vumbi la saruji la duka la chini.

Mzee aliendelea kupiga kila asubuhi. Hakuuliza tena saa, aliuliza tu kama barabara ni nzuri.

Nilimpata yule kijana wake kwa simu siku mbili kabla ya sikukuu. Hakuwa mkali kama maandishi yake.

"Shikamoo, mama. Samahani kwa yale niliyoandika."

"Marahaba. Yameisha. Baba yako anakusubiri."

Akasema alipoondoka nyumbani alimwahidi baba kwamba atarudi na gari. Biashara yake ya vipuri ilikufa, siku hizi anauza kwenye duka la mtu, na jioni anacheza mpira kwenye televisheni na wenzake wa chumba kimoja. "Kila Desemba nahesabu nilichonacho, naona bado. Alipopata kile kidari nilifikiri atafurahi, ataona nipo. Nitaenda na nini, mama? Nitaingiaje pale mikono mitupu?"

Nikamwambia mdogo wangu atoe gari, twende tukamwambie mzee ukweli uso kwa uso. Mambo kama yale huwezi kumwambia mtu mzima kwenye simu.

Tulifika mchana wa kuamkia Krismasi. Ua ulikuwa umefagiliwa mpaka barabarani, na hilo peke yake nusura linirudishe mjini. Mzee alikuwa mgane, amevaa koti lake la kanisani. Alitupokea vizuri, lakini macho yake yalitupita, yakaenda kwenye gari.

"Mmemleta?"

"Hapana, baba," nikasema. "Haji. Hakupanga kuja. Kile kidari kilitoka dukani kwetu, ni sisi tuliokileta, yeye yuko Dar."

Akatukaribisha jikoni. Juu ya meko kilining'inia kidari, kimekaushwa kwa moshi, cheusi, hakijaguswa na kisu. Pembeni kulikuwa na ndoo ya mbege aliyoletewa na jirani, imefunikwa jani la mgomba. Mdogo wangu alikitazama kile kidari muda mrefu. Halafu akafanya jambo ambalo sikulitegemea.

"Mzee," akasema, "ukinipa ruhusa, nikitungue mimi nikukabidhi. Nyama isiharibike sikukuu ikipita."

Mzee akamtazama. "Baba yako yupo?"

"Alifariki, nikiwa mdogo."

"Pole sana, mwanangu. Kaa, nitakupa mbege unywe, na Mungu akubariki kwa kuuliza." Akamshika bega. "Lakini hicho hapana. Wangu yuko hai."

Mdogo wangu akaketi kwenye kigoda, akainamisha kichwa. Mimi nikatoka nje na simu, nikampigia kijana. Sikumpa nafasi ya kunisalimia. Nikarudi ndani nikaiweka simu mkononi mwa mzee, spika ikiwa wazi, kwa kuwa simu ya kupapasa hakuizoea.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Uko wapi?"

"Baba... mambo yangu hayakwenda. Lile gari sikulipata. Sina kitu."

"Sikukuuliza una nini," mzee akasema, polepole, kama anamwelekeza mtu njia. "Nimekuuliza uko wapi."

Tulisikia pikipiki zikipita huko Dar, na mtu akiita wateja. Moto ukapasuka kidogo chini ya kidari. Nilidhani amekata.

"Baba," kijana akasema, na sauti ilikuwa imekuwa ndogo sana, "mabasi ya Dar bado yanasimama Bomang'ombe?"

"Yanasimama," mzee akasema.