Mluzi wa Mzee Mazengo

Baba yangu, Mazengo, alikuwa mtu wa asali hapa Mitundu, na kazi yake yote ilitegemea meno mawili ya chini, yaliyopakana na pengo la jino alilong'olewa utotoni kwa desturi ya kwao. Kwenye pengo hilo alipitisha mluzi mwembamba, mrefu, na mlembe, yule ndege anayeonyesha nyuki walipo, alikuja akirukaruka mbele yake. Nikiwa mdogo niliusikia nikiwa nusu usingizini, nikadhani ni pori lenyewe linavuta pumzi.

Kisha fizi zikaanza kutoka damu. Kwetu mwenye damu mdomoni haendi kwenye nyuki. Wanasema mlembe humkimbia. Basi Baba, kwa ubishi ambao nami nimeurithi, akaona dawa ni kuacha mswaki, maana ndio uliotoa damu. Ukoga ukagandamana, fizi zikavimba, damu ikazidi, meno yakaanza kucheza. Miaka mitatu hakukanyaga pori. Alikaa nje ya nyumba akitazama vichaka vikielea kwenye joto la mchana, mdomo kaufumba. Nilimwonea huruma, nikamkasirikia pia.

Siku hizo serikali ilikuwa imeachia biashara huria na kila mwenye mkoba alikuwa na cha kuuza. Mwaka 1994 akapita fundi wa meno ya bandia. Alimtikisa Baba jino, akasema atang'oa yote ya chini aweke mapya, meupe pe. Baba akauliza kama hayo mapya yana pengo. Fundi akacheka, nikamfukuza.

Nikampeleka Baba Itigi kwa tabibu wa meno, dada mmoja mpole aitwaye Eliza.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Utanipasua?"

"Sikupasui. Nakwangua ukoga uliojificha chini ya fizi. Uvimbe ukiisha, fizi zinashika jino tena. Ila kazi kubwa ni yako. Piga mswaki hapo hapo panapotoka damu, asubuhi na jioni."

"Panapotoka damu?"

"Hapo hapo. Damu inaletwa na uchafu, mzee, hailetwi na mswaki."

Baba alinigeukia kana kwamba mimi ndiye niliyemtukana.

Tulikwenda mara nne, tukidandia lori la mbao. Eliza alimchoma sindano ya ganzi, kisha chuma chembamba cha kukwangulia kikakwaruza taratibu, jino kwa jino, na Baba akafumba macho kama anayesikiliza kitu cha mbali. Eliza hakutudanganya: fizi iliyokwisha kuliwa hairudi. Lakini meno yakatulia.

Asubuhi moja ya Juni, ukungu ukiwa bado chini, Baba alipiga mswaki nyuma ya nyumba. Akatema. Niliona uzi mwembamba wa damu kwenye mate.

"Bado, Baba. Subiri wiki nyingine."

Akajifuta mdomo, akachukua shoka, akaondoka. Nilimfuata nimrudishe. Penye ukingo wa vichaka akapuliza. Ikatoka hewa tupu. Akapuliza tena. Mluzi ukatoka, mzito kuliko wa zamani, ukazama kwenye ukungu. Hakuna ndege aliyejibu, hata nikaona aibu kwa niaba yake.

Ndipo mlembe akaita, juu kabisa, karibu yetu.

"Kumbe hakunikimbia," Baba akasema. "Miaka mitatu yote, mimi ndiye niliyemkimbia."

Akalia, mzee mzima, huku akikazana kutembea ili ndege asimpotee.